Kipepeo, Mizizi na Ua la Kutwa

Anayekwenda kitaluni kununua deilili hufanya jambo la kawaida kabisa, na hapo ndipo anapokosea: huchagua kopo lenye ua. Ua limechanua, rangi yake ni ya chungwa bivu au ya kiini cha yai, na mnunuzi huondoka amelipakata kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kesho yake asubuhi ua limenyauka. Linaning'inia laini na lenye majimaji, kama karatasi iliyoloa, na ukiliminya linakuachia rangi vidoleni. Mnunuzi hudhani ameuziwa mmea mgonjwa, au kwamba amezidisha maji. Hakuna kilichoharibika, ua limemaliza muda wake tu. Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, alipoiandika jenasi hii mwaka 1753 aliiita Hemerocallis, jina lililotoka katika maneno mawili ya Kigiriki, siku na uzuri. Kiswahili kina neno moja linalotosha: kutwa. Kama ilivyo shule ya kutwa, ua la deilili halina bweni. Jua likizama, limekwenda zake, na kesho linafunguka jingine. Kwa hiyo mtu aliyechagua kopo kwa sababu ya ua amenunua kitu kitakachokuwa kimetoweka kabla hajapata nafasi ya kuchimba shimo. Alichobaki nacho mkononi, yaani majani na mizizi, hakukitazama hata kidogo. Hoja ninayotaka kuitetea katika sura hii ni kwamba katika mmea huu ua ni matumizi na mizizi ndiyo ghala, na kwamba karibu kila swali la matunzo, kuanzia maji na mbolea hadi panga la mtunza bustani, linajibiwa vizuri zaidi ukiuliza kwanza jambo hilo litalifanyia nini ghala.

Tuanze kwa kuondoa jina linalopotosha. Deilili si yungiyungi halisi, ingawa maua yao yanafanana. Yungiyungi huota kutoka kwenye tunguu lenye magamba, na shina lake moja hupanda juu likiwa na majani pande zote. Deilili haina tunguu. Wataalamu wa siku hizi huiweka katika familia moja na mshubiri, undugu unaomshangaza mtu mpaka akumbuke kwamba mimea yote miwili ni mabingwa wa kuweka akiba; mshubiri huweka maji yake katika majani manene, deilili huweka mali yake chini ya ardhi. Ng'oa deilili yenye miaka mitatu, uitikise udongo, kisha uisuuze ndani ya ndoo mpaka maji yatoke safi. Juu utaona majani membamba marefu yaliyojipanga kwa safu mbili, kushoto na kulia, yakifunguka kama kipepeo cha kupepea jiko la mkaa. Kila kundi la majani namna hiyo nitaliita kipepeo, na fungu moja la mmea linaweza kuwa na vipepeo kumi au zaidi vilivyobanana. Mahali majani yanapokutana pana sehemu nyeupe, ngumu, yenye unene wa kidole gumba: hiyo ni shingo, na ndiyo roho ya mmea, kwa kuwa majani mapya na mizizi mipya huanzia hapo. Chini ya shingo hutoka mizizi minene, na katika aina fulani mizizi hiyo ina vivimbe kama vihogo vidogo. Kata kivimbe kimoja: ndani ni cheupe na kimejaa maji. Hicho ndicho chakula ambacho majani yalikipika juani msimu uliopita yakakishusha chini, na mlingoti wa maua wa msimu ujao utakitegemea ili usimame.

Ushahidi mkubwa wa nguvu ya ghala hili umo katika historia ya deilili moja ya rangi ya chungwa. Mimea hii kwao ni Asia ya Mashariki: China, Korea na Japani. Kufikia mwisho wa karne ya 16 wataalamu wa Ulaya walikuwa tayari wanaiandika katika vitabu vyao vya mimea, na baadaye walowezi waliivusha Bahari ya Atlantiki hadi Marekani, ambako leo deilili ya chungwa huonekana kando ya barabara, kwenye mitaro na mahali palipokuwa na nyumba iliyokwisha kubomoka. Mtu angetegemea mmea uliosafiri hivyo uwe hodari wa kumwaga mbegu. Kumbe haina mbegu. Arlow Burdette Stout, mtafiti wa Bustani ya Mimea ya New York aliyeshughulika na deilili kwa miaka mingi na kuandika kitabu juu yake mwaka 1934, aliiita deilili hii 'Europa', na uchunguzi ulionyesha kwamba ni karibu tasa kabisa. Deilili za kawaida zina kromosomu 22. 'Europa' ina 33, na hesabu isiyogawanyika kwa wawili haizai mbegu nzuri. Msomaji wa Afrika Mashariki asiione ajabu hii kuwa ngeni. Migomba mingi ya ndizi tunazokula, matoke ya Uganda na ndizi za Bukoba zikiwemo, nayo ina kromosomu 33, nayo ni tasa, na hakuna mkulima anayetafuta mbegu ya mgomba wake. Anachimbua chipukizi kwenye shina, anamgawia jirani, na kwa njia hiyo mgomba umeenea nchi nzima. 'Europa' imefanya vilevile: kila iliyo mtaroni Marekani ni kipande cha fungu lililotoka katika fungu jingine, mikono kwa mikono, mizizi kwa mizizi. Mmea umevuka bahari bila msaada wowote wa ua lake.

Sasa turudi bustanini tuone hoja hii inadai nini. Jambo la kwanza inalodai ni heshima kwa jani la kijani. Katika bustani nyingi, maua yakiisha, mtunza bustani hupita na panga au mkasi na kuyafyeka majani yote ili pawe nadhifu. Nyumba inapendeza kwa wiki mbili. Lakini jani la kijani ndilo jiko la mmea, na kulikata mara tu baada ya maua ni kuzima jiko wakati ghala ni tupu kuliko wakati mwingine wote. Acha majani ya kijani yasimame. Vuta kwa mkono yale yaliyokwisha kuwa manjano au kahawia, nayo yatatoka bila ubishi. Kinachostahili kukatwa ni mlingoti wenyewe ukishamaliza matumba yote. Watu wengine huamka kila asubuhi kuchuma maua yaliyonyauka moja moja, kazi nzuri kwa anayependa kuanza siku polepole, ila faida yake kwa mmea ni ndogo isipokuwa kwa kitu kimoja: vitumba vya mbegu. Ua likirutubishwa, chini yake huvimba kitumba cha kijani chenye pembe tatu, na mbegu zake huchukua wiki kadhaa kukomaa huku zikila kutoka katika ghala lilelile. Kama huna nia ya kuzalisha aina mpya, kivunje. Na aliye na nia hiyo ajue kwamba mche wa mbegu kwa kawaida humaliza miaka miwili au mitatu kabla ya kutoa ua la kwanza, na ua hilo halitafanana na la mama yake.

Mbolea nayo ipimwe kwa kipimo hichohicho. Mbolea yenye naitrojeni nyingi hutoa majani marefu, laini, ya kijani kibichi yanayomfurahisha mwenye bustani, na pia yanawafurahisha vidukari. Maua huwa haba. Majani hayo ni kama mtu aliyenenepa ghafla: mwili umeongezeka, nguvu hazipo. Samadi iliyooza sawasawa au mboji, ikichanganywa na udongo wakati wa kupanda na kuongezwa kiasi juu yake mwanzoni mwa mvua, inatosha katika udongo wa kawaida. Maji yana hesabu rahisi. Deilili inayokua inahitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita moja ya mraba: ndoo moja ya lita 20 na dumu la lita 5. Mvua ikileta kiasi hicho, weka ndoo chini. Isipoleta, mwaga yote kwa mara moja, taratibu, chini ya majani na asubuhi, wala usigawanye vikombe vya kila jioni vinavyolowesha juu tu na kuifundisha mizizi kubaki juu. Ukame hauiui deilili upesi, kwa sababu ghala lina akiba. Hasara yake huonekana kwenye matumba, ambayo hubaki madogo au hudondoka kabla ya kufunguka. Mmea umebana matumizi, na kitu cha kwanza kupunguzwa ni anasa.

Kupanda hakuhitaji maneno mengi, lakini kuna sentimita mbili ambazo zimewaponza wengi. Shingo ya mmea ikae sentimita 2 hadi 3 chini ya uso wa udongo. Ikizama zaidi, vipepeo hutumia nguvu kupanda juu na milingoti huchelewa. Ikibaki nje, jua huikausha. Chimba shimo pana, jenga kichuguu kidogo katikati yake, kalisha mmea juu ya kichuguu na uitandaze mizizi pande zote kama sketi, kisha fukia na ushindilie kwa viganja pasibaki mifuko ya hewa. Acha nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya fungu na fungu. Jua liwe la saa sita kwa siku angalau, ingawa zile zenye maua mekundu yaliyokolea au zambarau huungua petali zake katika jua la mchana na hupendelea kivuli chepesi baada ya saa nane. Matandazo ya nyasi kavu au maganda ya kahawa yatazuia magugu na kutunza unyevu, ila yasirundikwe juu ya shingo.

Kisha huja kazi ambayo wapanda maua huiogopa bure: kugawanya fungu. Baada ya miaka mitatu hadi mitano vipepeo vya katikati hubanana, milingoti hupungua, na mmea uliokuwa fahari ya bustani hugeuka kuwa tuta la majani. Mwanzo wa masika au wa vuli, baada ya maua, ng'oa fungu zima. Chomeka jembe-uma mbili katikati yake zikipeana mgongo, zisukume zipanuane, na fungu litafunguka kwa mlio wa mizizi inayoachiana. Mengine malizia kwa mikono au kisu. Kila kipande kibaki na vipepeo viwili au vitatu na mizizi yake. Hapa ndipo panapofaa kukata majani, kuyabakiza kama sentimita 15, na msomaji makini atasema najipinga, kwa sababu punde tu nimelitetea jani la kijani. Sababu ni ileile. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kunywesha majani marefu, na majani yanayonyonya maji ambayo mizizi haina uwezo wa kuyaleta yatalimaliza ghala. Kwa wiki hizo chache jani ni mzigo. Mizizi ikipona, yatachomoza mapya. Wapo wanaolalamika kwamba fungu lililogawanywa hutoa maua machache msimu unaofuata, na wanasema kweli. Lakini fungu lililoachwa bila kugawanywa nalo hupunguza maua mwaka hadi mwaka, bila kukuachia miche minne ya kupanda kando ya njia.

Hapa naona pingamizi lenye uzito. Kama mizizi ya deilili ina nguvu ya kuvuka bahari na kuishi mtaroni bila mtu, matunzo yote haya ya nini? Si mmea ujitunze wenyewe? Jibu ni kwamba kuishi na kuchanua ni mambo mawili. 'Europa' huishi mtaroni kwa sababu haina deni kwa mtu yeyote. Isipotoa ua mwaka huu hakuna wa kuilalamikia. Tena deilili nyingi za madukani zimetoka mbali na ile ya mtaroni. Stout mwenyewe aliitumia ile ya chungwa katika uzalishaji uliompa deilili nyekundu aliyoiita 'Theron', mwaka 1934, na tangu hapo wazalishaji, wengi wao watu wa kawaida wenye bustani nyuma ya nyumba, wamesajili makumi ya maelfu ya aina kwa chama cha deilili cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1946. Macho ya wazalishaji hao yamekuwa juu ya ua: upana wake, mikunjo ya ukingo, rangi ya koo. Kwa maoni yangu wengi wao wamefanya kosa la mnunuzi wetu wa kitaluni, kwa ustadi mkubwa zaidi. Aina iliyopendwa na watu wengi kuliko karibu zote ni fupi, ya manjano, yenye ua dogo lisilo na madoido: 'Stella de Oro' ya Walter Jablonski, iliyosajiliwa mwaka 1975. Ilipendwa kwa tabia ya mmea wenyewe, kwa kuwa humaliza mlingoti mmoja ikaanza mwingine, msimu baada ya msimu.

Wa pili kupinga ni yule anayesema ua la siku moja ni hasara. Waridi hukaa wiki nzima mezani. Kuhusu meza simbishii. Deilili si ua la chombo cha maji, na anayetaka maua ya sebuleni apande kitu kingine. Lakini bustanini hesabu inageuka. Mlingoti mmoja wa aina nzuri hubeba matumba 15 hadi 30, yanayofunguka moja moja au mawili kwa siku. Fungu lenye milingoti kumi ya matumba 20 ni maua 200, yaliyogawanywa katika wiki kadhaa, na kila asubuhi hayana vumbi la jana. Wakulima wa China wanalijua hilo kwa njia ya biashara: huchuma matumba ya deilili ya manjano kabla hayajafunguka, siku baada ya siku kwenye shamba lilelile, huyakausha, na huuzwa kwa jina la sindano za dhahabu kutiwa kwenye supu. Nisieleweke kwamba naalika watu kula maua ya kitaluni. Mengi yamepuliziwa dawa, na yungiyungi halisi linalofanana nayo si chakula. Na mwenye paka ajue kwamba deilili ni sumu kali kwa mnyama huyo. Kutafuna jani au kulamba chavua kunaweza kumharibia figo ndani ya siku chache. Katika nyumba yenye paka anayetoka nje, ushauri wangu ni kuuacha mmea huu kabisa.

Pingamizi la tatu linatugusa moja kwa moja: deilili ni mmea wa nchi za baridi, kwetu utaweza wapi? Nusu ya neno hili ni kweli. Zipo deilili zinazolala, ambazo majani yake hufa yote majira ya baridi na shingo hukaa kimya mpaka joto lirudi. Hizo zikikosa baridi hudhoofika mwaka hadi mwaka, na bustani za Florida zimethibitisha hivyo. Lakini zipo pia zisizopoteza majani, zilizozalishwa kwa wingi katika majimbo ya kusini mwa Marekani, na hizo ndizo za kutafuta kwa anayeishi Limuru, Lushoto au Mufindi, mahali penye usiku wa ubaridi na mchana wa jua. Pwani ni vigumu zaidi. Joto lisiloisha pamoja na unyevu huozesha shingo, kwa hiyo tuta lililoinuliwa, mchanga mwingi kwenye udongo na kivuli cha mchana si mapambo bali masharti. Hata nyanda za juu zina gharama yake. Kutu ya deilili, kuvu iliyogunduliwa Marekani mwaka 2000 na iliyo katika jamii moja na kutu ya majani ya kahawa, huweka vipele vya rangi ya chungwa upande wa chini wa jani; futa jani kwa karatasi nyeupe na karatasi itakwambia. Pasipo barafu, kuvu huendelea kuishi juu ya majani yaleyale yasiyopukutika. Aina inayotufaa ndiyo hiyohiyo inayoihifadhi kutu. Hapo kata majani yote yenye ugonjwa bila huruma na uyachome, kwani jani lililojaa kutu halipiki chochote, linakula tu.

Kuhusu wanaohofia kwamba mizizi hii itateka bustani, wako sahihi kwa deilili ya chungwa iliyozungumzwa, ambayo hutuma vichipukizi chini ya ardhi na katika majimbo kadhaa ya Marekani imeorodheshwa miongoni mwa mimea vamizi. Usiipande karibu na kijito wala msitu. Aina nyingi za kisasa hukaa fungu moja mahali ulipoziweka.

Kwa hiyo tukirejea kitaluni, mnunuzi avuke makopo ya mbele yenye maua na aende nyuma, kwenye yale ambayo hakuna anayeyatazama. Aulize kama mmea hupoteza majani wakati wa baridi ya Julai. Ahesabu vipepeo, vitatu vinene ni bora kuliko kimoja chenye ua. Ageuze jani atazame upande wa chini. Abonyeze shingo kwa kidole gumba: ikiwa ngumu ni nzima, ikibonyea imeshaanza kuoza, hata kama tumba la juu litafunguka kesho. Mwisho aliinue kopo atazame matundu ya chini. Mizizi minene myeupe inayochungulia hapo ndiyo anayoilipia, na muuzaji, ambaye kwa kawaida hupandisha bei ya kopo lenye ua, huenda akampunguzia.